Reli Iliyofika Kando ya Mji

Watanzania wa mikoa mingine wakitaka kuitania Kigoma huiita "mwisho wa reli", na sisi wenyewe tumelipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu hata tukaliandika kwenye vioo vya daladala na juu ya milango ya maduka. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na kwa mtu wa Ujiji jina hilo lina kasoro ambayo wageni hawaioni: reli haikufika kwetu. Iliishia kwenye ghuba ya Kigoma, mwendo wa kilomita chache kaskazini ya nyumba zetu, wakati ambapo Ujiji ilikuwa ikijulikana kuanzia Bagamoyo hadi Manyema, kule mashariki ya Kongo, na Kigoma ilikuwa kijiji cha wavuvi. Leo mkoa ni Kigoma, bandari ni Kigoma, na katika jina la manispaa, Kigoma-Ujiji, sisi tumetajwa nyuma kama mtoto aliyechelewa kufika shuleni. Kilichopindua mambo ni jengo moja lililo chini kabisa ya Barabara ya Lumumba, karibu na maji: stesheni ya treni.

Nilipokuwa mdogo nilisikia barazani maelezo mengi ya kwa nini reli ilitupita. Wapo waliosema Wajerumani waliiogopa Ujiji kwa misikiti yake na kwa wafanyabiashara wake, ambao hawakuzoea kuamrishwa. Babu yangu alikuwa na maelezo yake, nayo aliyashikilia mpaka anaingia kaburini: wazee wa mji waliikataa reli kwa hofu kwamba kishindo chake kingewafukuza dagaa pwani. Nilimwamini kwa miaka mingi, kwa sababu babu hakuwa mtu wa kubishiwa. Siku hizi ninaamini kwamba aliyetunyima reli ni ziwa lenyewe, na kisa hicho, kwa maoni yangu, kinapendeza kuliko vile vya barazani.

Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mji ulikuwa umekaa karibu na maji. Anayekwenda leo kwenye makumbusho yaliyo mahali pa mkutano ule, penye miembe inayodhaniwa kuwa wajukuu wa ule wa zamani, hushangaa kwamba ziwa halipo. Inambidi ateremke mwendo wa dakika kadhaa, apite nyumba na vibanda, ndipo aone maji na mitumbwi. Hapana aliyeuhamisha mji. Lililohama ni ziwa. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa muda mrefu mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ziwa likawa linajaa mwaka hadi mwaka, mpaka kwenye mwaka 1878 hivi maji yalipoubomoa mzibo na kuanza kukimbilia magharibi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Penye ufuko wenye mteremko mkali, mita kadhaa si kitu. Ujiji, ambako ardhi inalala kama mkeka, kila mita iliyoshuka iliacha uwanja mpana wa mchanga, na upande wa kusini mto Luiche uliendelea kumwaga udongo wake palepale.

Kwa mtumbwi au jahazi jambo hilo ni usumbufu mdogo, kwani mabaharia huteremka, wakasukuma, wakapakua mizigo huku maji yakiwafika magotini. Meli ya mvuke haisukumwi. Ghuba ya Kigoma, kwa upande wake, imezungukwa na vilima, maji yake yana kina hadi karibu na ufuko, na rasi ya Bangwe inaikinga na mawimbi ya kusini. Mhandisi aliyetafuta mahali ambapo behewa na meli vingeweza kukutana ubavu kwa ubavu asingehitaji siku mbili za kufikiri. Wala hakuwa na haja ya kuuliza watu wanaishi wapi, maana reli ile haikujengwa kuwafuata watu. Ilijengwa kufuata shehena.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani, kwa njia yenye upana wa mita moja. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Tabora mwaka 1912. Tarehe 1 Februari 1914 ikagusa Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka baharini. Mikono iliyochimba matuta na kulaza mataruma ilikuwa ya Waafrika, Wanyamwezi wakiwamo kwa wingi, yaani watu walewale ambao baba zao walikuwa wakiishi kwa kubeba pembe za ndovu na nguo kichwani kati ya pwani na Ujiji. Ni vigumu kuliandika jambo hili bila kusita kidogo. Mpagazi aliyechukua miezi kadhaa njiani aliajiriwa kujenga kitu ambacho kingemaliza safari hiyo kwa siku mbili au tatu, na ambacho kingeifanya kazi ya ukoo wake isihitajike tena.

Kipande cha kutoka Tabora hadi ziwani kina zaidi ya kilomita 400. Kinapita Urambo na Kaliua katika miombo, kinafika Nguruka, kinauvuka mto Malagarasi, kinagusa Uvinza penye chemchemi za chumvi, kisha kinaanza kuteremka kati ya vilima kuelekea bonde la Luiche. Abiria anayekuja mara ya kwanza hudhani amekwisha kufika kila anapoona bonde, kwa sababu treni huzunguka mno kabla ya kukubali kulionyesha ziwa. Halafu, mara moja, linaonekana upande mmoja, limetandazwa hadi milima ya Kongo, na behewa zima linasimama dirishani.

Stesheni ilipata miezi sita tu ya amani. Agosti 1914 vita ilianza Ulaya, na reli iliyokusudiwa kubeba shehena ikabeba askari na mizinga. Kwa reli hiyohiyo zilikuja sehemu za meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam kwa bahari. Iliunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Mafundi waliotakiwa kuizamisha walizipaka injini zake mafuta mazito kwanza, wakiwa na tumaini la kurudi. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakaipa jina la Liemba, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kwa sisi watoto wa ziwani meli hiyo na stesheni zilikuwa kitu kimoja. Ratiba ya moja ilisubiri ya mwenzake, na abiria wa Mpulungu, bandari ya Zambia kusini mwa ziwa, alishuka kwenye behewa akatembea na mizigo yake hadi gatini.

Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walikaa hadi mwaka 1921. Hata walipowakabidhi Waingereza wilaya hii, hawakuondoka kabisa: kwa mapatano ya mwaka huohuo walipewa maeneo yao maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila vikwazo. Upande wa pili wa ziwa walikuwa wamekwisha kuifikisha reli yao Kalemie, iliyokuwa ikiitwa Albertville, mwaka 1915. Basi ukitaka kujua stesheni ya Kigoma ilikuwa ya nani katika miaka yake ya mwanzo, tazama mizigo. Ilitoka Kongo ikaenda Dar es Salaam, au ilitoka Dar es Salaam ikaenda Kongo. Ujiji ilikuwa jirani anayesikia honi.

Tabora nayo ilikuwa mji mkubwa wa misafara kabla ya reli, lakini yenyewe ilipata bahati ya kuwa katikati. Waingereza walipoamua kuifikisha reli Mwanza walianzia Tabora, na njia hiyo ya kilomita 379 ikakamilika mwaka 1928. Mwaka 1950 tawi jingine likatoka Kaliua kwenda Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Tabora ikawa njia panda. Mji wa njia panda hauwezi kukimbiwa, maana kila mtu hana budi kusimama hapo angalau saa kadhaa, anywe chai na kununua asali. Mji ulioachwa kilomita chache kando ya kituo cha mwisho hauna dawa hiyo.

Wenye mitaji walitangulia kuhama. Walifungua maduka karibu na stesheni, kwenye mteremko ambao leo ni Barabara ya Lumumba yenye miembe pande zote mbili. Waliofuata ni makarani, mafundi, na wafanyakazi wa reli kutoka kila pembe ya nchi. Kati ya stesheni na Ujiji, juu mlimani, kukakua Mwanga na soko lake, hata wageni wengi leo hudhani Mwanga ndiyo kitovu cha kila kitu. Ujiji ilibaki na misikiti, na makaburi, na vibaraza, na Kiswahili chake ambacho hatuoni haya kujisifia. Watu waliendelea kulala Ujiji na kwenda kutafuta riziki Kigoma, na sioni maelezo mengine ya neno kitongoji.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua dagaa na mawese, akavisafirisha kwa treni hadi Tabora, mara nyingine hadi Dodoma. Nimekaa naye mara nyingi kwenye uwanja ulio mbele ya sehemu ya mizigo, nikimshikia gunia alipokuwa akilishona mdomo kwa shazia na uzi wa katani. Dagaa wakavu hawashindiliwi ovyo. Ukiwashindilia sana wanavunjika na kuwa unga, ukiwaacha wakiwa na nafasi wanakula ujazo na gunia linakuwa la hasara. Baba alilitikisa gunia mara tatu, akaliinua kidogo, akaliachia liangukie kitako chake, kisha akaanza kushona kutoka kulia, bila kutazama, huku akibishana na mpima mizigo juu ya kilo mbili. Harufu ya uwanja ule sijapata kuikuta mahali pengine popote: samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, na mafuta ya injini.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja alinichukua kwa mara ya kwanza hadi Tabora, daraja la tatu. Tulikuwa na madumu manne ya mawese chini ya kiti. Kabla hatujafika Uvinza dumu moja likaanza kuvuja, na mstari mwekundu ukawa unatambaa sakafuni kuelekea viatu vya mama mmoja aliyevaa vitenge vipya. Baba hakusema neno. Alitoa kipande cha sabuni ya mche mfukoni, akakikanda kwa mate na vidole mpaka kikalainika, akakipachika kwenye ufa, halafu akamgeukia yule mama.

"Samahani, dada yangu. Ni mawese tu, hayana ubaya."

"Ubaya yanao, shemeji," alijibu yule mama, akikunja miguu yake juu ya kiti. "Ila kama utanipa kikombe kimoja, nitasahau."

Akapewa kikombe. Ziba ya sabuni ilidumu hadi Tabora, ingawa safari yenyewe haikwenda sawa: behewa la mizigo lililotangulia lilikuwa limetoka njiani, tukalala siku moja na usiku wake Nguruka, tukila sangara wa kukaanga na mihogo hadi fedha ya baba ya matumizi ikaisha. Sikumbuki kama kuna mtu aliyekasirika. Nakumbuka watu walioteremka, wakatandika khanga kando ya kokoto, wakalala, na mtoto wa Nguruka aliyeniuliza kama ni kweli kwetu maji hayana ng'ambo.

Mambo ya uendeshaji nitayapitia haraka, maana yanafanana kwa stesheni zote za njia hii. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na chama chao, waligoma kwa siku 82, na wazee wa mitaa ya reli wanauhesabu mgomo ule kuwa sehemu ya kupigania uhuru, jambo ambalo naliona ni haki yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukabaki na Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 kazi ilikabidhiwa kwa kampuni ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa, mwaka 2011 serikali ikairudisha mikononi mwake, na mwaka 2017 sheria mpya ikaunda upya shirika lililopo sasa.

Tarehe hizo huku Kigoma tulizijua kwa njia moja tu: idadi ya siku ambazo treni ilifika. Kulikuwa na majira ambapo uwanja wa mizigo ulifurika kila wiki, na majira ambapo mbuzi ndio waliokuwa abiria. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mvua ziliisomba njia katika eneo la Kilosa na Gulwe, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, na mwisho wa reli ukawa mwisho wa kisichokuja. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa dagaa walipojifunza malori na mabasi, na mtu akishazoea kuletewa gari mlangoni si rahisi kumrudisha kwenye mizani ya stesheni. Baba alikuwa amekwisha kustaafu. Aliposikia kwamba gunia linakwenda Tabora kwa lori, aliuliza nani analitikisa.

Stesheni hiyo pia imeona watu ambao hawakukata tiketi kwa hiari. Katika miaka ya 1990, vita vya Burundi na kisha vya Kongo vilipowasukuma watu kuvuka ziwa, walikuwa wakishuka ufukoni Kibirizi na kwingineko wakiwa na magodoro na masufuria, na mji mzima, stesheni ikiwamo, ukawa mahali pa kusubiri. Ujiji, ambayo nusu ya koo zake zilitoka ng'ambo ya ziwa, iliwapokea wengine kama ndugu waliochelewa kurudi. Mwaka 2015, Warundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, ni Liemba ya zamani iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma.

Jengo lenyewe lingali limesimama. Ni la Kijerumani, kuta nene, lenye matao upande wa mji, limekaa mwisho wa barabara kama mtu aliyeketi kichwani mwa meza. Ndani kuna ubaridi hata saa saba mchana. Wageni hulipiga picha na kusema ni zuri, nami nakubali kuwa ni zuri, ingawa siwezi kulitazama bila kukumbuka kwamba halikuwekwa hapo kwa ajili yetu.

Sasa inajengwa reli nyingine, yenye upana wa milimita 1,435. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 zikihesabiwa na njia za kupishania, ulitiwa saini Desemba 2022. Dar es Salaam na Dodoma wamekwisha kuonja treni ya umeme tangu mwaka 2024, na vijana wa huku wanahesabu saa watakazotumia itakapofika, kwa furaha ileile ambayo nadhani watu walikuwa nayo mwaka 1914. Siwezi kuwalaumu. Nami ninaisubiri, nikiwa na mashaka ya mtu wa Ujiji.

Mwezi uliopita nilikwenda stesheni kumpokea shangazi yangu, anayeishi Tabora na anayekataa katakata kupanda basi. Treni ilichelewa saa nne, jambo ambalo kwetu huitwa kuwahi. Abiria waliteremka na ndoo, mikungu ya ndizi iliyonunuliwa njiani, kuku wawili waliofungwa miguu, na nyuma yao bibi mmoja mzee sana akiongozwa na mjukuu wake. Alisimama kwenye ngazi za mbele, chini ya tao, akavuta pumzi ndefu.

"Ndiyo Ujiji hapa?" aliuliza.

Kondakta wa daladala alikuwa amekwisha kumpokea mzigo.

"Hapa Kigoma, bibi. Ujiji unapanda gari."